Tani Moja Mji wa Kale: Uchambuzi wa Kisa cha Tangi la Mbuna

Mwenye tangi ni mstaafu wa kazi za bandarini, anaishi Mji wa Kale wa Mombasa katika nyumba ya ghorofa moja aliyorithi kwa babake. Alitaka tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, la kufugia samaki jamii ya sikilidi wa Ziwa Malawi, wale wa mawe wanaoitwa mbuna. Pesa alikuwa nazo, kioo cha milimita 12 alikwisha kiagiza, na fundi wa kuunga alikwisha patikana. Mimi aliniita nimchagulie samaki. Samaki, kama itakavyoonekana, ndio walionichukulia muda mchache kuliko mengine yote.

Sakafu kwanza

Yeye alitaka tangi likae juu, kwenye sebule ya ghorofani, ambako upepo wa bahari unapita na wageni hupokewa. Nyumba yenyewe ni ya kale kweli: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu imelazwa juu ya boriti za mikoko. Wanaozijua nyumba hizi wanajua kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Boriti ya mkoko haivuki sana mita tatu, basi upana wa chumba umeamuliwa na mti wenyewe. Juu ya boriti kuna vipande vya mawe, na juu ya mawe kuna chokaa iliyopondwa ikashikana. Sakafu ya namna hiyo ni nzito kabla hujaweka hata kiti.

Tukapiga hesabu. Vioo peke yake ni kilo 120 na kitu. Maji, ukitoa nafasi inayoliwa na mawe na ukiacha ukingo juu, ni lita 500 hivi, nazo ni kilo 500. Mawe kilo 130, mchanga 60, meza ya chuma 80, na pipa la chujio chini ya meza kilo 100. Jumla inakaribia tani moja, imesimama juu ya mita moja ya mraba na kidogo. Kanuni za Kiingereza ambazo wahandisi wengi wamezitumia huhesabu kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba katika vyumba vya kuishi, na hizo ni sakafu zilizochorwa na kupimwa, si boriti zilizokatwa mikokoni enzi za mababu.

Mwenye nyumba hakukubali upesi. "Mwanangu," akaniambia, "chumba hiki kimeona harusi. Wanawake thelathini wamekaa humu, wakipiga vigelegele na kucheza chakacha, na boriti haikulia." Hoja yake si ya kuchekwa. Wanawake thelathini uzito wao unapita tani moja na nusu. Lakini walitapakaa chumba kizima, na usiku ulipokwisha walikwenda makwao. Tangi haliendi kwao. Mti unaobeba mzigo usiku na mchana hupinda polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama siku ya kwanza haukuonyesha dalili yoyote. Na kioo hakingojei sakafu ivunjike ndipo kipasuke: inatosha pembe moja ishuke milimita chache kuliko nyingine, na silikoni ya maungio ndiyo inayovutika.

"Ami, siisemi nyumba vibaya," nikamwambia. "Nasema tuangalie vichwa vya boriti." Kichwa cha boriti kimezama ukutani, na ukuta wa matumbawe hunywa unyevu. Huko ndiko mchwa na uozo huanzia, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi mwashi alikwangua lipu upande wa dirisha akachomeka bisibisi. Vichwa viwili viliipokea bisibisi bila ya kusukumwa sana. Mjadala ukaishia hapo, na mzee akasema kumbe tangi limemfaa hata kabla halijajazwa.

Kwa mwenye nyumba kama hii na tangi dogo zaidi, la lita 150 au 200, nitaongeza neno moja. Liweke kwenye ukuta mrefu, ambako litalala juu ya boriti nyingi karibu na vichwa vyake, na vichwa hivyo uwe umevikagua. Ukuta mfupi ni hatari: hapo tangi hulala sambamba na boriti, na moja au mbili hubeba kila kitu peke yake.

Tangi likashuka chini, kwenye chumba cha nyuma kisichopigwa na jua. Sakafu ya hapo iko juu ya ardhi. Tukamwaga zege ya unene wa sentimita 10 yenye wavu wa chuma, tukaiacha ikauke wiki tatu. Meza ilichomelewa kwa chuma cha pembe, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma kama deni. Tangi lilijazwa kwanza uani, likakaa siku kadhaa tukitafuta vuja, ndipo likaingizwa ndani. Hayo yalikwenda salama na hayana hadithi.

Samaki na mawe, kwa kifupi

Kulikuwa na tamaa ya kuchanganya aina za samaki: frontosa wa Tanganyika, tausi wa Malawi, mbuna wa kila rangi, na Melanochromis auratus kwa sababu milia yake ya manjano na nyeusi inapendeza dukani. Auratus akiwa mdogo anapendeza kweli. Dume lake likikomaa hugeuka jeusi na kulitawala tangi zima, na hufukuza mpaka kuua. Tukabaki na mbuna watulivu kiasi: Labidochromis caeruleus wa manjano na Iodotropheus sprengerae wa rangi ya kutu, wachanga thelathini kwa jumla, kwa nia ya kupunguza madume baadaye ili kila dume lipate majike matatu au manne. Kwa mbuna, kujaza samaki wengi kiasi husaidia, kwani mnyanyasaji hapati nafasi ya kumwandama mmoja tu. Gharama yake ni uchafu mwingi, na chujio lazima liweze. Pampu ya pipa ilisukuma lita 4,000 kwa saa, yaani maji yote ya tangi mara nane.

Mawe yalikuwa ya matumbawe ya kuchimbwa, yale yale ya kujengea, si ya kutoka baharini. Kung'oa matumbawe kwenye hifadhi ya bahari ni kosa, na mtu asikushawishi eti kipande kimoja hakina neno. Mawe ya kujengea yakisuguliwa na kulowekwa yanatosha kabisa, na chokaa yake hulinda pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, isianguke. Chakula kilikuwa cha majani zaidi: tembe za spirulina (mwani uliokaushwa), mchicha uliochemshwa kidogo, vipande vya tango. Mbuna ziwani hukwangua mwani juu ya mawe, utumbo wao ni mrefu, na nyama ya ng'ombe huwavimbisha matumbo mpaka wafe. Mzee aliuliza kuhusu mabaki ya pilau. Hapana.

Kisima

Uani kuna kisima cha zamani, na hapa ndipo kisa kinapoanza hasa.

Mombasa haina maji yake ya kutosha. Ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, kwa bomba la kilomita 220 hivi, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Yakija yanakuja, yasipokuja mtaa mzima huhamia kwa mikokoteni na mitungi ya lita 20. Mtu mwenye kisima uani hujiona tajiri. Na mzee alikuwa amesoma kwamba sikilidi wa Afrika wanataka maji magumu yenye pH ya juu. Kisima chake kilikuwa na maji magumu kweli: sabuni haitoi povu, na birika la chai limejaa magamba meupe. Maji yakitoka yalipima pH 7.4, na yakipigwa hewa usiku mmoja gesi ya kaboni ikiondoka, yalipanda mpaka 8.1. Alifurahi. Akajaza tangi lote kwa kisima.

Furaha hiyo ilisimama juu ya nusu ya kweli. Maji ya Ziwa Malawi yana pH ya 7.8 mpaka 8.6 hivi, lakini si maji mazito. Ukiyapima kwa kipimo cha umeme, kile kinachoonyesha wingi wa chumvi zote zilizoyeyuka, hutoa mikrosimensi 250 hivi kwa sentimita. Tanganyika ndilo zito zaidi, na hata hilo haliko mbali na maji mengi ya mfereji. Kisima cha mzee kilipima 2,100. Samaki wa Malawi wanataka maji yenye alkali na yasiyoyumba. Kuwa na chumvi mara nane ya ziwa lao si sehemu ya matakwa yao.

Kisima cha kisiwani, tena, hakitulii. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya miamba kutoka chini, tabaka jembamba tu. Msimu wa kaskazi, mvua ikiwa haipo na watu wakichota sana, tabaka hilo hukonda na chumvi hupanda. Wakazi wa zamani hulijua hilo kwa ulimi, bila ya kipimo.

Kabla ya samaki kuingia mzee alifanya jambo moja kwa ustadi. Alichukua sifongo chafu, makao ya bakteria wanaosafisha maji, kutoka kwenye chujio la rafiki yake, akakiweka kwenye pipa, akalisha bakteria hao kwa amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, kidogo kidogo wiki tano. Hilo kwa maji ya pwani si la kufanyiwa pupa. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja karibu haina madhara, nyingine huchoma matamvua. Kwenye pH 7 na joto la 25, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.4 na joto la 30 inafika asilimia 17 hivi. Uchafu ule ule, sumu mara thelathini. Ndiyo maana mtu anayefuata ushauri wa nchi za baridi hushangaa samaki wake wakifa kwa kiasi ambacho wenzake huko wanakiita kidogo.

Wiki ya tano amonia ilisoma sifuri, naitraiti sifuri, naitreti miligramu 80 kwa lita. Akasoma kama wengi wanavyosoma: bakteria wamekula amonia, wameigeuza naitraiti, kisha naitreti, na hii naitreti ndiyo ushahidi wa kazi iliyokamilika. Samaki wakaingia mwishoni mwa Desemba.

Machi

Aliponiita tena, samaki kumi na wawili hivi walikuwa juu alfajiri wakivuta hewa kwenye uso wa maji. Wa manjano walikuwa wamepauka mpaka rangi ya maziwa ya unga. Hakuna dume lililokuwa likigombania jiwe, na kwa mbuna hiyo ni dalili mbaya kuliko vidonda. Watatu walikwisha kufa. Mzee alikuwa akibadilisha nusu ya maji kila siku ya pili, kwa ndoo, akisaidiwa na mjukuu wake mkubwa, na hali ilikuwa haibadiliki.

Majirani na mafundi walikuwa na majibu yao. Joto, alisema mmoja. Amonia, alisema mwingine. Wa tatu alishauri chumvi ya mawe, na nilishukuru kwamba hakusikilizwa.

Joto halikuwa jibu la kupuuza. Saa tisa mchana tangi lilisoma 31.5, alfajiri 30. Maji yaliyoshiba hewa kwenye joto la 25 hubeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita. Kwenye 30 hubeba 7.6. Pengo linaonekana dogo, lakini samaki mwenye joto huhitaji hewa zaidi wakati maji yanabeba kidogo, na bakteria wa chujio nao wanaigombea. Tukaelekeza feni kwenye uso wa maji, tukainua bomba la kurudishia ili maji yaanguke kwa kishindo. Hewa ya Mombasa ina unyevu, kwa hiyo feni haishushi joto kama inavyoshusha bara, ila lilishuka hadi 28.5. Siku ya tatu kuvuta hewa alfajiri kukakoma.

Rangi haikurudi. Hamu ya chakula haikurudi. Hapo ikadhihirika kwamba kulikuwa na matatizo mawili yaliyokaa pamoja, na la kwanza lilikuwa likilifunika la pili.

Amonia ilisoma sifuri, naitraiti sifuri. Naitreti ya tangi 90. Tangi linalobadilishwa nusu ya maji kila siku ya pili na kubaki 90 halieleweki, labda samaki wawe mara kumi ya waliokuwepo. Basi nikachota maji ya kisima moja kwa moja, kabla hayajagusa tangi, nikayapima kwa chupa zile zile za vipimo. 80.

Hesabu yote ikageuka. Kubadilisha maji huvuta tangi lielekee kwenye maji unayoyatia, na haliwezi kushuka chini yake hata ukibadilisha mara mia. Samaki wake, kwa uchafu wao wote, hawakuwa wameongeza zaidi ya 10. Zile 80 za wiki ya tano hazikuwa kazi ya bakteria wa pipa. Zilikuwemo siku ya kwanza. Kazi hiyo ilikuwa imefanyika zamani, chini ya ardhi: vyoo vya shimo vya mtaa mzima, mwamba wa matumbawe wenye matundu, na bakteria wa udongo wanaogeuza amonia kuwa naitreti vile vile wanavyofanya kwenye sifongo.

Na feni niliyoisifu ilikuwa ikichangia. Tangi lilikuwa likipoteza kama lita 8 kwa siku kwa kukauka. Kinachokauka ni maji matupu. Chumvi na naitreti hubaki. Kila jioni mzee alijazia lita 8 za kisima, yaani miligramu 640 za naitreti zikiingia kwenye lita 500. Kwa wiki moja hiyo ni nyongeza ya 9 hivi kwa kila lita, kabla hujahesabu samaki. Chumvi nayo ilipanda kwa njia hiyo hiyo: tangi lilisoma 2,600 wakati kisima kilisoma 2,200.

Karatasi ya maabara

Mzee alinionyesha karatasi. Kisima kilipochimbuliwa upya alipeleka sampuli maabara, na jibu lilikuwa "naitreti 18". Yeye alijua kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kumi na nane iko mbali na hamsini, akaridhika, na ningekuwa yeye ningeridhika vile vile. Sasa mimi naja na chupa zangu nasema 80. Nani mwongo?

Hakuna. Karatasi, kwa herufi ndogo, ilipima naitreti kama nitrojeni, yaani uzito wa nitrojeni peke yake bila ya oksijeni iliyoshikana nayo. Ili kupata naitreti yenyewe unazidisha kwa 4.43. Kumi na nane mara 4.43 ni karibu 80. Na kile kikomo cha 50, kikiandikwa kwa lugha ya karatasi ile, ni 11.3 tu. Kisima kilikuwa kimepita kikomo tangu siku ile, na karatasi ilisema hivyo wazi kwa anayejua kuisoma. Ukipata jibu la maabara, au ukinunua vipimo vya samaki vya kampuni mbili tofauti, angalia kwanza vinahesabu kwa mtindo upi.

Hapa niliuliza swali lisilohusu samaki. Ghorofani kulikuwa na mjukuu mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo. Maziwa yanakorogwa na maji gani? Ya kisima, wakasema, lakini tunayachemsha vizuri. Kuchemsha huua vijidudu, naitreti haiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria naitreti inazidi kuwa kali. Kikomo kile cha 50 kimewekwa kwa ajili ya watoto wa chupa hasa, kwa kuwa naitreti nyingi huweza kuizuia damu yao kubeba oksijeni. Mtoto hakuwa na neno, alhamdulillahi, na tangu siku hiyo maziwa yake hukorogwa kwa maji ya kununua. Bi mkubwa wa nyumba, ambaye mpaka hapo aliliona tangi ni upuuzi wa mzee aliyekosa kazi, alianza kuliulizia.

Tulichofanya

Kisima kiliondolewa kabisa kwenye tangi. Mkaa wa chujio hauitoi naitreti, kwa hiyo hatukupoteza pesa huko. Lakini hatukubadilisha maji yote kwa mkupuo. Samaki waliozoea chumvi ya 2,600 ukiwatupa ghafla kwenye maji mepesi, miili yao hupata mshtuko ambao unaweza kuwaua kuliko naitreti yenyewe. Tulitoa lita 100 kila siku ya tatu, tukatia lita 100 za mfereji, mitungi mitano. Mfereji ulisoma naitreti 5. Kwa hesabu tupu, 90 inashuka 73, kisha 59, 48, 40, na mara ya tano 33. Samaki nao wanaongeza chao, kwa hiyo mara ya tano tulisoma 40. Hiyo ilitosha kuonyesha mwelekeo.

Maji ya mfereji yana klorini, nayo huua bakteria wa chujio na kuchoma matamvua. Tuliyaweka kwenye pipa yakapigwa hewa mchana na usiku, na ikiwa kuna haraka, punje chache za thaiosulfeti ya sodiamu humaliza kazi papo hapo. Ugumu wa kuilinda pH tuliuacha kwa mawe ya matumbawe. pH ilitua 8.0 na haijatikisika.

Mwezi huo wa Machi mfereji ulikuwa mgumu kupatikana, ikabidi mikokoteni. Mchotaji mmoja aliapa kwa Mungu kwamba maji yake ni ya mfereji wa Mzima. Nikachovya kipimo mbele yake: 1,900. Akakitazama kipimo, akanitazama mimi, akasema labda mitungi ilichanganyika njiani. Tangu hapo mzee hukaa barazani na kipimo mfukoni, na wachotaji wameanza kumwita daktari.

Kwenye pipa la chujio tuliweka vikonyo vya mpothosi, lile ua la majani ya kutambaa lililojaa mabaraza ya mji, mizizi ndani ya maji na majani nje. Mbuna wangeila ingekuwa tangini. Ndani ya pipa hawaifikii. Inakula naitreti, si kwa wingi, ila bila ya gharama.

Stima nayo ilikata mara kadhaa katika kipindi hicho. Tundu dogo lililotobolewa kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji lilizuia tangi kujimwaga lote ndani ya pipa, na pampu mbili za hewa za betri ziliwaweka samaki hai. Mkato wa saa nyingi una hatari nyingine: sifongo zilizoachwa bila mzunguko ndani ya chujio lililofungwa huoza na kutoa sumu stima ikirudi. Pipa la wazi halina shida hiyo sana, ndiyo maana sikulipendelea chujio la kufungwa ingawa ni nadhifu zaidi.

Ubishi uliobaki

Wafugaji wenzangu wawili wamenibishia kisa hiki, na ubishi wao una uzito. Wanasema naitreti ya 80 haiui mbuna. Wao wamefuga kwenye 80 na zaidi, samaki wakazaa. Kweli, sikilidi ni wagumu. Jibu langu ni kwamba hapa 80 haikuwa peke yake. Ilikaa pamoja na joto la 31 na chumvi inayopanda kila wiki, na samaki wachanga wasiopata hata siku moja ya kupumzika. Lakini nakubali kwamba tulipoacha kisima, naitreti na chumvi viliondoka pamoja, kwa hiyo siwezi kuapa ni kipi kati ya hivyo viwili kilichowapausha. Rafiki mmoja anashikilia chumvi. Kwa mwenye kisima cha kisiwani dawa ni ile ile, basi nimemwachia ushindi nusu.

Kufikia mwisho wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeingia na mfereji ukija mara nyingi zaidi, naitreti ilisoma 30 na kipimo cha chumvi 620. Manjano yamerudi. Jike mmoja alionekana ametuna koo na kukataa chakula, yaani amebeba mayai mdomoni, na hubeba hivyo kama wiki tatu. Madume yameanza kugombania mapango, na mawili itabidi yatolewe.

Kinachobaki ni kaskazi ijayo. Tangi linataka lita 100 kwa wiki za kubadilisha na lita 8 kwa siku za kujazia, jumla 156. Mzee amenunua tangi la plastiki la lita 1,000, limewekwa uani chini ya kivuli na kufunikwa mbu wasizae. Likijaa Novemba wakati wa vuli, litamvusha wiki sita bila ya mfereji, na zikizidi hapo atarudi kwa mikokoteni na kipimo chake. Samaki wapya nimemwambia asinunue mpaka Aprili ipite. Bado anauliza juu ya auratus.